Huyu ni Mtoto wa Nani? Safari ya Picha za Damu Katika Historia Yetu



Usiku wa tatu wa mwezi huu mtukufu, baada ya Tarawehe, tulikuwa tumekaa barazani hapa Ndia Kuu kama ilivyo ada yetu, kahawa chungu na halua kidogo katikati. Simu ikaanza kupita mkono kwa mkono. Ndani yake mlikuwa na picha ya kijana amelala barabarani, damu imemchirizika kichwani, mguu mmoja hauna kiatu. Kila mmoja aliitazama kama sekunde mbili, akasema "Subhanallah", akampa mwenzake. Ikafika kwa mzee wetu mmoja ambaye hukaa pembeni na tasbihi yake. Akatoa miwani, akaipangusa, akaitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani, wanangu?"

Hakuna aliyejua. Mmoja akasema, "Ami, nadhani ni Nairobi." Mwengine akasema ni Sudan. Wa tatu akasema picha hiyo ameiona tangu mwaka juzi, na kila palipo na fujo mahali huzuka tena. Mzee akairudisha simu. "Basi mwaitazamia nini?" akasema, akarudia tasbihi yake.

Swali lile lilinikaa. Ndiyo sababu ya makala haya. Sitaki kuingia katika mjadala wa masheikh juu ya picha, ipi yafaa na ipi haifai. Wenye elimu hiyo wapo na hawana haja ya mimi. Nataka tuangalie historia: picha za watu waliouawa au kuumizwa kwa sababu za siasa, hasa hizi chache ambazo zimebaki machoni pa watu wote. Zilibakije? Na waliomo ndani yake wamefanywa nini?

Maana picha hupigwa nyingi. Siku ya fujo mpiga picha mmoja tu hurudi na mamia. Kesho yake gazeti hutoa moja au mbili. Miaka 20 ikipita imebaki moja tu, na hiyo ndiyo huja kichwani mtu akisikia jina la tukio, hata kama alizaliwa baadaye. Wengi hudhani imebaki kwa kuwa ni nzuri zaidi, au yatisha zaidi. Kwa niliyoyasoma, mara nyingi si hivyo. Hubaki kwa sababu kuna watu walioiokota na kuisukuma mbele, kila mmoja kwa haja yake. Na katika safari hiyo mwenye sura huweza kupokonywa jina lake. Ambaye hakupigwa picha kabisa, yeye husahauliwa zaidi.

Tuanze na jirani zetu wa Unguja, mwaka wa 1896.

Tarehe 25 Agosti mwaka huo Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki. Binamu yake, Sayyid Khalid bin Barghash, akaingia katika jumba la ufalme bila ya ruhusa ya Waingereza. Tarehe 27, mwanzo wa saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zikafungua mizinga. Hata dakika 45 hazikutimia, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Upande wa Khalid watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja.

Picha zilizobaki za siku ile mwazijua, hata kama hamkujua ni za nini. Kuna ile ya jumba lililobomoka. Kuna ya askari wa Kiingereza wamesimama kwa madaha kando ya mzinga walioteka. Na kuna ile ya milingoti ya meli ya Sultan, Glasgow, iliyozamishwa bandarini, milingoti ikichomoza majini kama vidole. Ilikaa vile mpaka mwaka wa 1912, na wasafiri waliopita Unguja wakaipiga picha na kwenda nayo kwao.

Sasa tazama tena. Kuta, mzinga, milingoti. Wale 500 wako wapi? Walikuwa askari, watumishi na watumwa wa jumba, na hawamo. Kamera wakati ule ilikuwa kitu kizito cha kuwekwa juu ya miguu mitatu, na ilikuwa mikononi mwa walioshinda na marafiki zao. Ikafunguliwa vumbi lilipotulia. Matokeo yake ni kuwa leo vita vile hutajwa kama mzaha, "vita vifupi kuliko vyote duniani", swali la chemsha bongo, na picha ya milingoti huwekwa pembeni kama pambo. Sidhani watu wangecheka hivyo kama pangekuwa na picha moja tu ya mama anayetafuta mwanawe katika kifusi kile.

Sayyid Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza wakamkamata huko mwaka wa 1916, wakampeleka uhamishoni St Helena na Shelisheli, kisha wakamruhusu kurudi pwani yetu. Alikufa hapa hapa Mombasa mwaka wa 1927. Ni wangapi kati yetu tunaopita Ndia Kuu kila siku tunaojua hilo?

Picha ya pili ni ya bara, na kisa chake ni kinyume cha cha kwanza. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipigwa risasi mguuni na kukamatwa pembeni mwa msitu karibu na Nyeri. Akalazwa juu ya machela, mikono imetiwa pingu, nywele ndefu zimesokotana, macho yamemtazama aliyeshika kamera. Picha ilipigwa, na serikali ya kikoloni haikuificha. Iliitaka. Ikachapishwa katika vikaratasi kwa maelfu na kusambazwa vijijini, ili wafuasi wake waone na wakate tamaa: yule mliyedhani hashikiki, tazameni, amelala kama mnyama aliyewindwa. Tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti na kuzikwa pasipojulikana.

Lakini picha haikufuata amri ya aliyeipiga. Waliopewa ili waogope wakaiona pingu, wakaona na macho. Baada ya uhuru ikaanza kutoka katika vitabu kama picha ya shujaa. Vijana waliokuja kuvaa nywele za rasta wakaona nywele zile ni zao. Ikaingia katika fulana, katika matatu, katika kuta. Na haya yote yakienda, Mau Mau yenyewe bado ilikuwa ni chama kilichopigwa marufuku kisheria. Marufuku hiyo ya Mkoloni haikuondolewa mpaka mwaka wa 2003. Sanamu ya Kimathi ikasimamishwa Nairobi, katika barabara yenye jina lake, tarehe 18 Februari 2007. Aliyeichonga hakumlaza. Amesimama, bunduki mkononi.

Hapo pana jambo la kutua kidogo. Picha ile ile, karatasi ile ile, hakuna doa lililoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni nani anaishika na amesema nini chini yake. Mwaka wa 1956 maneno chini ya picha yalikuwa "gaidi amekamatwa". Leo ni "shujaa wa uhuru". Mtu asiyesoma maneno ya chini hawezi kujua ni lipi, na ndiyo maana wenye nguvu kila zama hupigania maneno ya chini kuliko picha yenyewe.

Nije sasa kwa jambo linaloingia nyumbani mwetu, na kulisema si rahisi.

Nyanya yangu, Allah amrehemu, alikuwa na kijisanduku cha bati cha biskuti chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na picha ya studio ya ndugu yake: kijana wa miaka 20 na kitu, kanzu nyeupe, kofia ya viua, mkono juu ya kiti, nyuma yake pazia lililochorwa mandhari ya bahari. Aliipiga hapa Mombasa mwaka wa 1963 kabla ya kuvuka kwenda Unguja kufanya kazi katika duka la jamaa. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Hakurudi, wala barua haikuja.

Nyanya alikuwa akisimulia jinsi mji huu ulivyokuwa siku zile. Watu walikwenda bandarini kutazama kila jahazi. Meli iliyombeba Sultan Jamshid bin Abdullah ilikataliwa kumshusha Mombasa, ikarudi Dar es Salaam. Na yeye, mwanamke asiyejua kusoma, alimwambia mumewe anunue magazeti kila siku, si kwa ajili ya habari. Alikuwa akitazama picha. Alitafuta uso mmoja katika kila umati, kila safu ya watu waliokaa chini mikono kichwani, na hakuuona.

Waliouawa Unguja katika siku na wiki zile wamehesabiwa kwa namna nyingi. Wengine husema elfu chache, wengine huvuka elfu kumi. Kila mwandishi na hesabu yake na siasa yake. Lakini jiulize: ni picha gani moja inayokuja kichwani mwako ukisikia mwaka huo? Pengine ile ya John Okello na watu wake. Uso wa aliyeuawa, hapana. Kilicho karibu zaidi ni filamu ya Waitalia wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyotoka mwaka wa 1966 kwa jina la Africa Addio. Ndani yake mna vipande vilivyopigwa kutoka angani juu ya Unguja: misururu ya watu waliovaa kanzu, na miili ardhini.

Vipande hivyo vimetazamwa na jamaa zetu wengi, hapa na Muscat, wengine wakisimamisha mkanda mara kwa mara kutafuta mtu wao. Lakini filamu yenyewe ina aibu yake. Ilitengenezwa ili kumwambia Mzungu kuwa Mwafrika akiachiwa hajiwezi, na wenyewe walichunguzwa kwao Italia kwa tuhuma kuhusu mauaji waliyoyapiga picha Kongo, ingawa hawakutiwa hatiani. Kwa hivyo msiba wa watu wetu umebaki katika mkono mchafu. Anayetaka kuukana husema, "Ah, filamu ile ni ya wabaguzi." Na anayetaka kuchochea chuki huikata vipande na kuvipeleka kila mwezi wa Januari. Na kutoka juu kule, wallahi, huwezi kuona uso wa mtu. Waona nguo nyeupe tu.

Miongoni mwa waliovuka kwenda Unguja mwezi ule kupiga picha alikuwamo kijana wa miaka 20 aitwaye Mohamed Amin. Huyu ni mtu ambaye vijana wa Kiislamu wa Kenya wafaa wamjue zaidi kuliko wanavyomjua. Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943, akakulia Dar es Salaam, na akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka wa 1963. Unguja ilimpa jina, na Unguja ilimfunga: mwaka wa 1966 alikaa karibu mwezi mzima katika jela ya huko. Akaja kufanya makao Nairobi. Na ni yeye aliyepiga picha ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote katika siasa za Kenya huru.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana wa saa saba, Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, alitoka katika duka la dawa la Chhani, Government Road, Nairobi, barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Akapigwa risasi mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka 38. Amin alipata habari mapema mno, akakimbia na kamera zake, ya picha za mnato na ya filamu, akafuata mpaka ndani ya gari la wagonjwa. Humo akapiga: Mboya amelala, na daktari amemwinamia akijaribu kumrudishia pumzi. Walipofika Nairobi Hospital ilikuwa basi tena.

Kwa nini hii? Siku zile zilipigwa picha nyingi. Tarehe 8 Julai, siku ya ibada ya kumwombea katika kanisa la Holy Family, umati uliupiga mawe msafara wa Mzee Kenyatta, na polisi wakatupa gesi ya machozi. Hayo pia yalipigwa picha. Lakini ile ya ndani ya gari ndiyo iliyoshika. Moja, nadhani, ni ukaribu. Waziri ambaye watu wamezoea kumwona jukwaani, mbali, amevaa suti, sasa yuko karibu nawe kiasi cha kuweza kumgusa. La pili, picha imekamatia mahali pa katikati: hujui kama ataishi au atakufa, na yule daktari bado ana matumaini. Kila anayeitazama hurudishwa katika dakika ile, akatamani daktari afaulu. Picha ya maiti iliyokwisha funikwa haina jambo hilo.

Halafu pana njia ilizopita. Amin alikuwa akipeleka kazi yake kwa mashirika ya habari ya nje, kwa hivyo kabla ya Wakenya wengi kuona chochote, dunia ilikuwa imeshaona. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya mpiga filamu bora wa mwaka huko Uingereza. Na nyumbani, wenye uchungu waliihifadhi. Kwa jamii ya Waluo ilikuwa ushahidi wa mtu wao aliyechukuliwa. Tangu hapo kila mwezi wa Julai magazeti huirudisha, na kwa kurudishwa huko, watu ambao hawakuwa wamezaliwa husema "nakumbuka".

Na sasa tazama isichokionyesha. Aliyehukumiwa kwa kufyatua bastola, Nahashon Njenga Njoroge, alinyongwa mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Nani alimtuma, kama alitumwa, ni swali ambalo Kenya haijalijibu mpaka leo, na picha haiwezi kulijibu. Kamera huona mwisho wa jambo. Mezani pale lilipopangwa hapakuwa na mpiga picha.

Wala haionyeshi uhai wa mtu. Mboya alijenga vyama vya wafanyakazi. Alipanga safari za ndege zilizopeleka mamia ya vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani kuanzia mwaka wa 1959. Juzi nilimuuliza kijana mmoja wa kidato cha nne Mboya alikuwa nani. Akaniambia, "Yule wa kupigwa risasi." Nikamuuliza alifanya kazi gani. Akacheka, akasema hilo halikuja katika mtihani. Sanamu yake ipo pale Moi Avenue tangu mwaka wa 2011, karibu na mahali alipoanguka. Ni mahali pa kufa ndipo palipochaguliwa.

Wapo wanaouliza: Amin alifanya haki kupiga picha wakati mtu anakata roho? Nimelifikiria sana. Daktari alikuwapo, kwa hivyo hakuna msaada alioukatiza. Na bila ya picha ile pengine tungeambiwa hadithi nyingine ya siku ile. Lakini Mboya alikuwa na mke na watoto, na kwa maisha yao yote baba yao atakuwa akifa upya kila Julai katika ukurasa wa gazeti. Sina jibu la kumaliza mambo haya mawili, nami simwamini aliye na jibu jepesi.

Hili la familia laonekana vizuri zaidi Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans, polisi wakapiga risasi. Mpiga picha Sam Nzima wa gazeti la The World akapiga picha ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, amebebwa mikononi na kijana Mbuyisa Makhubo, dada yake Hector akikimbia pembeni. Dunia nzima inaijua. Gazeti lenyewe likafungwa na serikali mwaka uliofuata. Nzima akaandamwa na polisi mpaka akaacha kazi ya picha, na haki ya kuwa mwenye picha yake hakuipata mpaka mwaka wa 1998. Na Mbuyisa, yule aliyembeba mtoto asiyekuwa wake? Kosa lake lilikuwa kuonekana. Polisi walimsumbua, akakimbia nchi. Mara ya mwisho mama yake kupata barua kutoka kwake ilikuwa mwaka wa 1978, ikitoka Nigeria. Uso wake uko katika makumbusho na vitabu vya shule, naye mwenyewe alipotea.

Nilipoyasoma hayo nilimfikiria nyanya yangu na kijisanduku chake. Mama yake Mbuyisa alikuwa na picha mashuhuri duniani, nyanya alikuwa na ya studio tu, na wote wawili walikaa na swali lile lile.

Na nani hamkumbuki Muhammad al-Durra? Tarehe 30 Septemba 2000, Gaza, mtoto wa miaka 12 amejibanza nyuma ya baba yake Jamal ukutani, risasi zikinyesha. Mpalestina Talal Abu Rahma aliipiga kwa ajili ya televisheni ya France 2. Ikawekwa katika stempu za nchi za Kiarabu, ikachorwa ukutani kutoka Morocco hadi Indonesia, na hapa Mombasa tuliiona katika mabango. Kisha yakaja mabishano, kesi mahakamani Ufaransa kwa miaka mingi, na mwaka wa 2013 ripoti ya serikali ya Israeli ikidai kuwa filamu haithibitishi hata kuwa mtoto alikufa. Baba aliyemzika mwanawe akajikuta akisema yuko tayari kaburi lifukuliwe. Ndivyo inavyokuwa picha ikiwa kubwa mno: wakubwa wagombania picha, na mzazi anatakiwa alete ushahidi wa msiba wake.

Kwetu Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliuawa watu zaidi ya 1,100. Safari hii kamera zilikuwa nyingi. Boniface Mwangi, aliyekuwa akipiga picha kwa gazeti la The Standard, mwaka wa 2009 alizitoa picha zake barabarani katika maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani, zikazungushwa katika miji ya nchi. Mapanga, moto, watu wakikimbia. Wapo waliosema anafukua vidonda. Lakini naona alifanya jambo moja la maana ambalo gazeti haliwezi: alizirudisha mahali zilipotoka, mbele ya watu ambao huenda walikuwamo ndani, waweze kusema huyu namjua, na hapa palikuwa kwetu.

Leo hahitajiki hata mpiga picha. Tarehe 17 Juni 2025, katikati ya Nairobi, muuza barakoa asiyekuwa na silaha alipigwa risasi kichwani na polisi kwa karibu kabisa, na kamera zikaona. Usiku huo huo nchi nzima ilikuwa imeshaona. Alikuwa bado hai, amelazwa hospitali, na tayari watu walikuwa wamemfanya bango. Alifariki tarehe 30. Ni kweli, bila ya picha ile pengine hata kesi isingekuwapo, tungeambiwa alikuwa mwizi. Lakini kwa siku 13 wazazi wake walikuwa wakimwombea uhai mtoto ambaye sisi tulikuwa tumeshamgeuza alama. Nami nilikuwa miongoni mwa walioipeleka. Sikujiuliza lolote.

Ndiyo maana swali la mzee wa baraza lilinichoma. Tuna kawaida nzuri katika mji huu: akifa mtu, tangazo la msikitini hutaja jina lake, jina la baba yake, atokako na saa ya jeneza. Maiti hufunikwa, na anayeosha akiona aibu huisitiri. Kisha mtu huyo huyo atoka mazikoni, afungua simu, na kutuma maiti ya mtoto wa watu, uso wazi, kwa kundi la watu 200, bila ya jina.

Mohamed Amin aliendelea. Mwaka wa 1978 kikatoka kitabu chake cha picha za Hijja. Mwaka wa 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, ziliitikisa dunia, ingawa watazamaji wengi waliona ukame tu na hawakuiona vita iliyokuwa nyuma yake. Mwaka wa 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto, na mwenzake wa sauti, John Mathai, akauawa. Akatiwa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa akirudi Nairobi kutoka Addis Ababa kwa ndege ya Ethiopian Airlines. Ikatekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Walikufa watu 125 kati ya 175, naye akiwa mmoja wao. Ufuoni palikuwa na watalii na kamera yao ndogo ya video. Wakaona ndege inakuja chini mno, wakabonyeza. Kipande hicho ni cha sekunde chache tu, na mpaka leo huonyeshwa kila panapozungumzwa ajali za ndege: bawa moja linagusa maji, ndege inapinduka na kukatika. Nimekitazama mara nyingi. Ukikisimamisha, waona bahari, povu na bati jeupe. Yeye yumo humo ndani, na hapana namna ya kumwona.